Sahani ya Gitaa Haionyeshi Moto

Cherop wangu,

Babu yako hakukuchoma mkono. Ni mimi. Hilo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si pasta, si Shangazi aliyekuja kukuchukua. Wewe mwenyewe huwezi kunisema kwa sababu maneno yako bado ni machache: maji, paka, apana, Mama, Langa. Langa ni mimi. Ulisikia kila mtu akiniita Chelangat, ukalikata jina mahali ulipoweza kulibeba. Jina Mama umempa mama yangu, kwa sababu ulinisikia mimi nikimwita hivyo, na hakuna mtu aliyekurekebisha. Hata mimi sikukurekebisha.

Nimeiandika ile sentensi ya kwanza kisha nikaifunika na mkono, kama mtu anavyofunika karatasi ya mtihani ili jirani asiibe jibu. Jirani hakuna. Niko peke yangu kwa karakana ya Baba, yule babu yako, mlango nimeurudisha bila kufunga, mvua ndiyo imeacha kupiga mabati. Huko jikoni Mama anakuogesha na nasikia ukipiga maji na kiganja. Shangazi anapanga nguo zako. Kesho asubuhi mnaenda Voi. Mimi sijawahi kufika Voi. Wanasema kuna joto na udongo ni mwekundu mpaka kwa soksi.

Sitakuandikia mambo ya chakula wala homa wala kulala. Shangazi ni mwalimu, amemuuliza Mama yote, na yale Mama hajui atayajua. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu shuleni nilifundishwa kwa lugha mbili, na kwa Kiingereza najua tu kuandika insha nzuri ambayo si ya kweli. Kipsigis yangu ni ya mdomo. Nikianza kuiandika nakwama kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Kwa hivyo pokea hiki Kiswahili cha Salgaa, cha kando ya barabara ya malori. Utakua ukiongea kizuri kuliko changu, na siku utakayosoma hapa utacheka. Cheka tu.

Kitu kimoja tu nakijua vizuri duniani, na ndicho kilichoniharibia. Ni kuchagua sahani.

Baba hutengeneza magitaa. Sanduku ni plaiwudi, nyuzi ni waya za breki za baiskeli, na katikati ya sanduku, pale gitaa la dukani lina shimo, letu lina sahani ya bati. Wateja huiita spika, ingawa haina umeme wowote. Kazi yake ni kuchukua mtetemo wa nyuzi na kuutupa mbali, ili mtu mmoja akipiga gitaa sokoni asikike bila mashine. Magitaa yote ya Baba yanafanana. Kinachofanya moja liimbe na lingine likohoe ni ile sahani, na sahani haiuzwi mahali popote. Unaitafuta.

Baba alinifundisha tangu nikiwa darasa la tano. Kifuniko cha mkebe wa rangi ni kizito, sauti yake ina mafua. Kioo cha nyuma ya taa ya lori, kile cha bati, ni kikali. Kinafaa mtu wa kupiga haraka. Sufuria mpya bado ina ubishi. Lakini kifuniko cha sufuria ya zamani, kile ambacho mama fulani amekisugua kwa majivu na waya miaka na miaka mpaka kikawa chembamba kama ganda la yai, hicho Baba akikiona kwa nyumba ya mtu anasahau kusalimia. Mama humwonea aibu. Siku moja walienda kutoa pole kwenye matanga huko Olenguruone, na Baba akarudi na kifuniko ndani ya koti.

"Umeiba kwa wafiwa?" Mama akamuuliza.

"Nimebadilisha. Nimewaachia mpya."

"Kwa hivyo ulienda matanga na kifuniko kwa koti."

Baba akanitazama mimi, eti nimsaidie. Walikuwa wakicheka wakati huo, wote wawili. Nakuambia hilo ili ujue kwamba kwa nyumba hii watu walikuwa wakicheka.

Ukishapata vifuniko vitatu, vinne, lazima uchague. Na hapa Baba ana desturi yake ambayo sijaona fundi mwingine akiwa nayo. Haichagulii sahani ndani. Anazibeba zote mpaka kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanda kutoka Nakuru yakilia kama ng'ombe, anakaa juu ya jiwe na kuzigonga moja moja na ukucha. Lori likipita, anagonga. Turnboy, yule msaidizi wa dereva, akipiga kelele, anagonga. Ile ambayo bado anaisikia katikati ya fujo yote, hiyo ndiyo anaipeleka nyumbani.

Mimi nilichukia barabara. Unajua mimi ni mtu wa haya, utakuwa umenirithi au la, naomba la. Nikiulizwa jina darasani jasho linanitoka. Sasa fikiria msichana wa umri wangu juu ya jiwe, Salgaa, anagonga vifuniko vya sufuria, na turnboy wanampigia kelele kutoka juu ya malori.

"Niaje, msupa wa sufuria! Leo tunapikiwa nini?"

"We, usimcheke, huyo ni band yote!"

"Boss, binti yako anauza ama anaita kuku?"

Msupa, yaani mrembo; nami nilikuwa nainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Baba hakuwahi kuwafukuza. Aliniambia tu, "Acha wacheke. Wakicheka, unaisikia?"

"Nini?"

"Sahani. Gonga. Unaisikia juu ya kicheko?"

Siku nyingi nilisema ndiyo ili turudi nyumbani.

Ndipo nikajitengenezea njia yangu. Baba akiwa hayupo, nilifunga mlango wa karakana, nikaweka sikio moja karibu na bati, na lile lingine nikaliziba na kiganja. Cherop, ni utamu ambao sijui nitauelezaje. Ukiziba sikio moja, dunia yote inaondoka. Unabaki wewe na mlio mmoja. Unasikia ufa ambao jicho haliuoni. Unasikia mahali chuma kiligongwa sana na mahali palipoachwa. Nilikuwa hodari. Hata Baba alisema nina sikio kuliko lake, lakini hakujua nalitumia namna gani, na angejua angekasirika. Gitaa halipigwi ndani ya sikio la mtu, angesema.

Sahani ya kwanza niliyochagua peke yangu kwa njia hiyo ilikuwa ya gitaa la baba yako.

Aliitwa Weldon. Alikuwa akija na malori ya viazi kutoka Kuresoi, kijana mrefu, mwenye koti la mvua hata kukiwa na jua. Baba alikuwa na kazi nyingi, akaniambia nimchagulie mimi. Nilijifungia, nikaziba sikio, nikachagua kifuniko kimoja chenye sauti kama maji ya chemchemi. Weldon akalipiga gitaa hapa ndani ya karakana akafumba macho. Wiki iliyofuata akarudi.

"Sista, gitaa yako ni tamu, lakini inaongea na mimi tu."

"Aje?"

"Nimeipiga soko ya Olenguruone. Mathe mmoja wa mboga ameniuliza mbona nakuna tumbo la sanduku."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akacheka, lakini si kwa kunicheka. Akasema hataki kubadilishiwa sahani, ataibakisha hiyo ya kupiga peke yake, na anaweza kuwa akija kunipigia mimi, kwa sababu mimi nasikia. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nasikia. Waliniambia sisemi.

Basi alikuja. Ndani ya karakana, mlango umefungwa, kila kitu alichosema kilikuwa kweli; mpaka leo naamini kilikuwa kweli. Nilipomwambia kuhusu wewe, aliweka mkono wake tumboni kwangu akasema, "Huyu ni wangu." Aliyasema polepole kabisa, kama mtu anayeongea na sikio.

Halafu wazee wakaketi. Sebule ilijaa, ami zake walikuja na sauti kubwa, Mama analia, jirani wanapita dirishani wakijifanya wanatafuta kuku. Mzee mmoja akamuuliza, "Kijana, huyu msichana unamjua?" Weldon akaitazama soda yake. Sikusikia alichojibu. Hakuna mtu aliyesikia. Mdomo ulisogea, sauti haikufika hata kwa meza. Ami yake ndiye aliyejibu kwa niaba yake, kwamba kijana ni mdogo, hajui chochote.

Sikuandikii haya ili umchukie. Wakaniuliza na mimi. "Chelangat, sema. Ni nani?" Cherop, mimi nilijua. Mimi nilikuwa na jibu lote. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kama yeye ni sahani mbaya, basi sisi tulikatwa kutoka kifuniko kimoja.

Ukazaliwa wakati wa mvua, ndiyo maana ni Cherop. Nilitoka shule. Baba hakunigombeza hata siku moja, alinisogezea kiti cha karakana na kuniachia kazi ya sahani yote, labda alifikiri itanipa kitu cha kushika. Shangazi alipiga simu kutoka Voi mara kadhaa. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Akasema anaweza kukuchukua, nami nirudi shule. Mama alikataa. Alisema kwa sauti mpaka ng'ombe wakasikia, "Mtoto wa nyumba hii atalelewa nyumba hii." Nilikuwa nyuma ya mlango na wewe mgongoni, nikakubana kidogo na mkono wa nyuma, ukapiga mguu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kuwa na furaha kamili.

Sasa siku ile.

Kabla ya kuikunja sahani iwe na mteremko, lazima alumini ilainishwe. Unaipaka sabuni ya kipande, ile ya kufulia, unaiweka juu ya jiko la makaa, na unangoja sabuni iwe nyeusi. Sabuni ndiyo inakwambia, kwa sababu alumini yenyewe haisemi. Chuma kikishika moto kinageuka chekundu, hata mtoto anaogopa. Alumini inabaki vile vile. Unaitoa, unapangusa ile sabuni iliyoungua na kitambaa, na hapo mbele yako kuna kitu cheupe, kinang'aa, kizuri, kama sahani ya kuchezea. Haionyeshi kitu.

Baba alikuwa ameenda Nakuru kutafuta plaiwudi. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, hakumwona Baba akiondoka. Wewe ulikuwa umelala juu ya gunia pale pembeni. Niliwasha jiko mwenyewe, nikalainisha kifuniko, nikakipangusa, nikakiweka chini kwenye sakafu kipoe. Baba huziweka juu ya rafu. Rafu ilikuwa imejaa, nami nilikuwa na haraka, kwa sababu kulikuwa na kifuniko kingine ukutani nilichotaka kukisikia kabla Baba hajarudi. Kilikuwa kimenisumbua kichwani tangu asubuhi. Nikakichukua, nikageukia ukuta. Nikaweka sikio. Nikaziba lile lingine.

Uliamka. Lazima uliniita, kwa sababu ukiamka huwa unaniita. Lazima ulisema Langa. Ulishuka kutoka kwa gunia, ukatambaa karibu na mguu wangu, ukaona kitu kinang'aa. Na mimi nilikuwa nikisikiliza ufa mdogo kama unywele kwenye kifuniko cha sufuria, na niliusikia, Cherop. Niliusikia ule ufa. Wewe sikukusikia mpaka ulipolia kwa ile sauti ambayo hakuna kiganja kinachoweza kuiziba.

Lile kovu kwenye kiganja chako cha kushoto, ule mstari uliopinda kama mwezi mchanga, ni ukingo wa sahani. Ukikua watu watakuambia ni ajali. Ilikuwa ajali, lakini ajali yenye mwenyewe.

Mama alikuja mbio na jembe bado mkononi. Tulikumwagia maji, tukakukimbiza zahanati, ukafungwa bendeji kubwa kuliko mkono wako. Njiani Mama akaniuliza ilikuwaje, na mdomo wangu, huu ambao siku zote hauna kitu, siku hiyo ukapata maneno upesi kabisa. Nikasema nilikuwa nimeenda kuchota maji. Nikasema nilirudi nikakuta. Nikasema Baba ndiyo tu alikuwa ameondoka, akaacha sahani moto chini.

Baba alirudi na plaiwudi kichwani. Mama alimngojea mlangoni, hata hakumwacha aitue.

"Umechoma mtoto! Umechoma mtoto na ujinga wako wa mabati!"

Baba alisimama na ule mzigo kichwani. Akatazama jiko, ambalo asubuhi hakuliwasha. Akatazama ile sahani chini. Akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ni mimi. Nilisahau."

Nilikuwa hapo. Umbali wa mkono. Na kulikuwa na kelele nyingi, Mama, jirani, wewe ukilia, na mimi sikusikika.

Tangu siku ile Mama hajala meza moja na Baba. Anampakulia, anamwekea, anaondoka. Yeye ndiye aliyempigia Shangazi simu, yule yule aliyekataa. Nilimsikia akisema, "Njoo umchukue. Hapa mzee wangu ameshindwa kuchagua kati ya mtoto na sufuria." Baba akazima jiko. Akasema atafunga karakana, auze vifaa, afanye kibarua cha viazi. Mama akamwambia, "Sasa? Umechelewa." Akaingia chumbani.

Unaona vile uongo mdogo ulivyofanya? Sikuuona ukiwa na moto. Niliuweka chini tu upoe.

Kila siku nimesema nitasema. Nimesema nitasema Jumapili baada ya kanisa, nimesema nitasema Shangazi akifika. Shangazi amefika. Amekununulia kitanda, ametuonyesha picha kwa simu, kina vipepeo. Mume wake amepaka chumba rangi. Ni watu wazuri, hilo nalo ni gumu, ningependa wangekuwa wabaya kidogo. Mimi narudi shule muhula ujao, kidato cha tatu, pamoja na watoto ambao nilikuwa nawatuma chumvi. Watu wamekubaliana kwamba ukikua utaambiwa mimi ni dada yako. Waliniuliza kama ni sawa. Nadhani unajua nilitazama wapi.

Wiki hii nimekutengenezea gitaa. Ni dogo, nyuzi tatu, hata Shangazi amesema linaweza kuingia kwa begi. Sahani yake ni kifuniko cha sufuria ya uji wako. Mama amekitafuta siku hizi zote, anafunika uji na sahani ya kulia, analaumu mbwa wa jirani. Ni kifuniko kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Mama alianza kukisugua kabla mimi sijazaliwa, uji wangu ulichemka chini yake kabla ya wako. Na hicho sikukichagulia ndani.

Nilikufunga mgongoni, nikabeba vifuniko vinne, nikaenda kukaa kwenye jiwe la Baba. Malori yalikuwa yamefuatana mpaka kona. Hawakuchelewa.

"Msupa wa sufuria amerudi! Na siku hizi ana backing vocal!"

"Mathe, huyo mtoto naye anagonga?"

Waliniita mathe, yaani mama, Cherop. Mimi na miaka yangu hii. Uso ulinichoma. Lakini mara hii sikuinama. Niligonga, wewe ukatoa mkono wako kutoka kwa shuka, ule wenye kovu, ukagonga pia. Kwa nguvu. Lori la mafuta lilikuwa likipita, breki zinalia, turnboy anapiga mluzi, na kile kifuniko cha uji nikakisikia juu ya yote hayo, wazi, kama mtu anayeitwa na anaitika. Nikakaa pale nikalia, na yule turnboy akaacha mluzi, akaniambia, "Pole, sista." Sijui alifikiri nini.

Kwa hivyo sasa najua. Baba alinionyesha kwa miaka yote hiyo na nimejua wiki hii, wakati hakuna tena kitu cha kuchagua. Sijui mtu hufanya nini na ujuzi uliochelewa. Labda nikupe wewe. Siku moja ukiwa mkubwa, mtu akikuambia maneno matamu mahali pa kimya, usiyakatae, ni matamu kweli. Lakini mpeleke barabarani. Na mimi pia nipeleke. Ukinipata, usiniulize chumbani kama mimi ni mama yako, nitakujibu vizuri sana. Niulize mbele ya watu.

Jana Baba aliingia hapa nikiwa nafunga skrubu za mwisho. Alilichukua lile gitaa dogo, akaligonga kwenye sahani na ukucha, akangoja.

"Hii umechagulia wapi?"

"Kwa barabara."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Ile furaha yake ya zamani ilipita usoni kidogo, ikatoka. Akaliweka chini kama mtu anayelaza mtoto. Alipofika mlangoni, bila kugeuka, akasema, "Siku nyingine, sahani moto unaweka juu. Si chini."

Nikasema, "Sawa, Baba."

Sawa! Hilo ndilo neno nililopata. Anajua. Alijua tangu akiwa na mzigo kichwani. Amekula peke yake majuma haya yote akijua, na hakuniomba chochote, na mimi nikasema sawa kama mtu aliyetumwa dukani.

Sijidanganyi kwamba nikisema leo utabaki. Kitanda kimenunuliwa. Na Mama akijua ni mimi, labda ndiyo atasema zaidi kwamba uende, na atakuwa na haki. Hakuna mlango ninaouona ambao mimi na wewe tunatoka tukiwa pamoja. Nimeutafuta mpaka nimechoka. Nitaamka kesho kutwa na mgongo wangu utakuwa mwepesi, na wewe utamlilia Langa siku chache, halafu utamsahau, na hiyo nayo ni afadhali kwako. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo.

Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche. Nimeshafungua skrubu, sahani iko hapa mezani, na tumbo la gitaa liko wazi. Nilitaka kuikunja niiweke ndani, chini ya sahani. Karatasi ikikaa pale gitaa huwa na mkwaruzo, kama nzi ndani ya kikombe. Nilifikiri: akikua atachoka na ule mkwaruzo, atafungua, atanipata. Lilinipendeza sana wazo hilo. Kisha nikajiona. Nimekaa tena ndani, nimerudisha mlango, natafuta mahali pa kimya pa kuweka ukweli. Na kifuniko chenyewe, kile kilichosikika juu ya lori la mafuta, nakaribia kukiharibu ili nisisikike mimi.

Umenyamaza kupiga maji. Umeshaogeshwa.

Kuna nyayo uani. Ni Mama, namjua kwa zile ndara zake zinazopiga kisigino, na anakohoa vile hukohoa akiwa amebeba kitu kizito. Amekubeba wewe. Unasema Langa, Langa, na nimekusikia kabla hujafika kwa mlango.

Mkono wangu umeenda wenyewe juu ya karatasi. Nimeutoa.

Nafunga sahani mahali pake, kavu, hakuna kitu chini yake. Karatasi inabaki mezani, maandishi yakiangalia juu. Mama anasoma Kiswahili vizuri, Biblia yake ni ya Kiswahili.

Anauliza kama niko. Niko, Mama. Ingia. Niletee mtoto wangu nimshike, na wewe chukua hii usome. Anzia juu kabisa, na usome kwa sauti, Baba yuko hapo nje.